Mwanangu Anajiuma: Je, Msaada Chanya wa Tabia na ABA Vinapingana?

Swali la msomaji: "Mwanangu wa kiume ana miaka 7, ana usonji, na maneno anayoyasema ni machache. Akizidiwa hujiuma mgongo wa mkono mpaka ngozi inachubuka. Nyumbani huja mtaalamu wa uchambuzi tumizi wa tabia, ile wanayoiita ABA. Shuleni, mwalimu wake wa elimu maalumu ameniambia kwamba wao hufuata msaada chanya wa tabia, na kwamba ABA ni mambo ya kizamani ya kumzoesha mtoto kutii tu. Mtaalamu wa nyumbani naye anasema hicho cha shuleni ni ABA ileile iliyopewa jina la kupendeza. Nani anasema kweli, na nimwache yupi?"

Jibu:

Mama, nimelisoma swali lako mara kadhaa, nikaona mna maswali mawili ndani yake. Moja ni la kitaalamu: fani hizi mbili zina uhusiano gani? Jingine hukuliandika waziwazi, lakini limo: je, muda wote huu nimekuwa nikimruhusu mtu amdhuru mwanangu sebuleni kwangu? Nitayajibu yote mawili, ingawa la pili haliwezi kujibika mpaka la kwanza lieleweke.

Kila mmoja kati ya watu hao wawili ana ukweli wake, na kila mmoja ameacha sehemu. Msaada chanya wa tabia ulizaliwa ndani ya uchambuzi tumizi wa tabia, ukalelewa na watu waliousomea uchambuzi huo, na hadi leo unasimama juu ya kanuni zake za kisayansi. Kwa hiyo mwalimu anakosea anaposema kwamba wameachana nao. Lakini ulizaliwa kwa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzito. Baadhi ya wataalamu hawakuridhika na namna elimu yao ilivyokuwa ikitumiwa kwa watu wenye ulemavu, wakaamua kwamba haitoshi kuuliza kama mbinu fulani inafanya kazi. Ni lazima pia iulizwe inamfanyia kazi nani, na maisha ya mtu huyo yanakuwaje baadaye. Kwa hiyo mtaalamu wa nyumbani naye anakosea anaposema kwamba kilichobadilika ni jina.

Tuanzie kwenye mzizi. Uchambuzi wa tabia unatokana na kazi ya B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeonyesha maabarani, tangu miaka ya 1930, kwamba tabia huongezeka au hupungua kulingana na kinachoifuata. Tabia inayomletea mtu anachokitaka, au inayomwondolea kinachomkera, itarudi. Huko ndiko kuimarishwa kwa tabia. Katika miaka ya 1960 watafiti waliitoa elimu hiyo maabarani na kuipeleka kwa watoto na watu wazima wenye shida za kweli, na mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley waliandika sifa 7 ambazo kazi yoyote inayostahili kuitwa uchambuzi tumizi wa tabia inapaswa kuwa nazo. Sitazitaja zote. Zinazokuhusu zaidi ni tatu: tabia inayoshughulikiwa iwe na umuhimu katika maisha ya mhusika, mabadiliko yapimwe badala ya kukisiwa, na yaonekane hata nje ya chumba cha mafunzo.

Kisa kimoja kilichochapishwa mwaka 1964 kinaonyesha nguvu ya elimu hiyo na doa lake kwa wakati mmoja. Mvulana mdogo mwenye usonji alikuwa ameondolewa lenzi za macho yote mawili kwa upasuaji, na bila miwani alikuwa katika hatari ya kupoteza uwezo wa kuona. Lakini miwani hakuitaka kabisa. Wolf, Risley na mwenzao Mees walianza kwa kuweka fremu tupu, zisizo na vioo, huku na huko chumbani, wakawa wanampa kipande cha tunda au peremende kila alipoishika moja, kisha kila alipoibeba, kisha kila alipoisogeza karibu na macho. Hatua kwa hatua mtoto akawa mvaaji wa miwani. Ni kazi nzuri, na kila ninapoifikiria huheshimu subira iliyomo ndani yake. Hata hivyo, mtoto huyohuyo alipopiga mayowe na kujigonga alifungiwa peke yake chumbani mpaka anyamaze, na kuna wakati chakula chenyewe kilizuiliwa ili kimvutie zaidi mafunzoni. Upande wa miwani, watu wazima walijifunza kwenda kwa mwendo wa mtoto. Upande wa mayowe, lengo lilikuwa mayowe yaishe.

Doa hilo lilikua. Mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha mwaka 1987 matokeo ya watoto 19 wenye usonji waliofundishwa kwa ABA kwa takriban saa 40 kwa wiki, akaripoti kwamba 9 kati yao walifikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Taarifa hiyo iliwapa wazazi wengi matumaini, na imebishaniwa tangu siku hiyo. Lakini katika makala hiyohiyo imeandikwa kwamba watoto walikemewa kwa "hapana" ya sauti kubwa, na mara nyingine kuchapwa kofi pajani. Na katika miaka ya 1960 yeye na wengine walikuwa wametumia hata mshtuko wa umeme kuzuia tabia. Watu wazima wenye usonji wanaosema leo kwamba walifundishwa kuficha hofu yao na kuituliza mikono yao, badala ya kusaidiwa, hawazungumzii jambo la kubuni. Kwa hiyo mwalimu wa mwanao ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Mgeuko ulitoka ndani ya fani yenyewe, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ndipo uhusiano wa hivi viwili unapoonekana. Mwaka 1977 mtafiti wa tabia Edward Carr aliyapitia maelezo yaliyokuwapo kuhusu watu wanaojidhuru, akaonyesha kwamba kujidhuru kunaweza kuwa na sababu zaidi ya moja: kupata uangalizi, kukwepa jambo gumu, au hisia ya mwili yenyewe. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake wakatengeneza njia ya kuipima sababu hiyo. Watoto 9 waliangaliwa kwa vipindi vya dakika 15 katika hali tofauti: katika moja walizungumzishwa kila walipojidhuru, katika nyingine kazi ilisitishwa kila walipojidhuru, katika nyingine waliachwa peke yao, na katika nyingine walicheza bila kudaiwa chochote. Kitendo kilichofanana kwa macho kilikuwa na dhima tofauti, yaani kilimfanyia kila mtoto kazi tofauti.

Kisha mwaka 1985 Carr na Mark Durand wakapiga hatua ambayo mimi huiona kuwa daraja lenyewe. Walikuwa na watoto 4 waliokuwa wakivuruga masomo. Yule aliyevuruga kwa sababu kazi ilikuwa ngumu walimfundisha kusema, "Sielewi," naye akasaidiwa, yule aliyevuruga kwa kukosa uangalizi walimfundisha kuuliza, "Je, nafanya vizuri?" naye akasifiwa. Vurugu zilipungua. Walipomfundisha mtoto sentensi isiyolingana na dhima ya tabia yake, hazikupungua. Fikiria maana ya jambo hilo, Mama: tabia iliyokuwa ikionekana kuwa ukaidi ilikuwa ombi, na mtoto alipopewa njia rahisi zaidi ya kuomba, hakuwa tena na haja ya kuvuruga. Huo ni uchambuzi tumizi wa tabia mtupu, wenye vipimo na majaribio. Na papo hapo ndio moyo wa msaada chanya wa tabia.

Jina lilianza kushika mwaka 1990, pale Robert Horner, Glen Dunlap, Carr na wenzao walipoandika kutetea msaada wa tabia usiotumia maumivu wala fedheha. Hawakuchota kwenye maabara peke yake. Nje ya fani kulikuwa na harakati kubwa ya kuwatoa watu wenye ulemavu katika taasisi walikofungiwa na kuwarudisha katika maisha ya kawaida, iliyopewa nguvu na mawazo ya Bengt Nirje na Wolf Wolfensberger, na kulikuwa pia na msimamo kwamba mipango ya maisha ya mtu ianze na mtu mwenyewe: anapenda nini, anataka kuishi na nani, anataka kufanya nini na siku yake. Carr na wenzake walipoieleza fani hiyo kwa kirefu mwaka 2002, waliitaja mito yote hiyo, na mto wa kwanza waliouandika ulikuwa uchambuzi tumizi wa tabia.

Ni nini basi kilichoongezeka? Kwanza ni lengo. Katika msaada chanya wa tabia, kupungua kwa kujiuma hakuhesabiwi kuwa mafanikio iwapo mtoto bado hana rafiki, bado hatoki nje, na bado hana namna ya kukataa chakula asichokipenda. Ubora wa maisha ndio kipimo cha juu, na tabia ngumu inatarajiwa kupungua kwa sababu maisha yameboreka. Pili ni mahali pa kuanzia: badala ya kungoja tabia itokee kisha kuamua kinachoifuata, nguvu nyingi hupelekwa kabla yake, kwenye ratiba, kelele, usingizi, ugumu wa kazi na namna tunavyotoa maagizo. Tatu, na hili ndilo ninalolithamini kuliko mengine, ni nani anayekaa mezani. Mzazi, mwalimu na mhusika mwenyewe si wapokeaji wa mpango uliokwisha kuandikwa, wanauandika. Lazima niseme kwa haki kwamba mbegu ya hili nayo ilikuwamo katika ABA, kwani Wolf yuleyule mwaka 1978 aliwaambia wenzake kwamba walengwa wana haki ya kuulizwa kama malengo, mbinu na matokeo yanawaridhisha.

Mkondo huu uliingia pia katika sheria. Marekani iliporekebisha sheria yake ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1997, iliagiza kwamba pale tabia ya mtoto inapozuia kujifunza kwake au kwa wenzake, mikakati chanya ya tabia ifikiriwe. Baadaye George Sugai na Horner waliusukuma hadi ngazi ya shule nzima, kukiwa na tabaka la msaada kwa wanafunzi wote, jingine kwa wachache wanaohitaji zaidi, na la tatu kwa mmoja mmoja. Huenda mwalimu wa mwanao aliujua msaada chanya kupitia mlango huo wa shule nzima, ambako jina la ABA hutajwa kwa nadra; ikiwa ndivyo, si ajabu akaamini kwamba ni vitu viwili visivyojuana.

Nao wataalamu wenyewe walizozana. Mwaka 2006 James Johnston na wenzake, wachambuzi wa tabia, waliandika kwa ukali kwamba msaada chanya unajitangaza kuwa sayansi mpya ilhali umeazima kila kitu, na kwamba unaweza kuwapa kazi ngumu watu wasio na mafunzo ya kutosha. Mwaka 2008 Dunlap, Carr, Horner na wengine walijibu kwamba hizi ni fani za ukoo mmoja, zenye sababu nyingi za kushirikiana kuliko za kugombana. Mimi nimefanya kazi nikiwa na mguu mmoja kila upande, na naona onyo la Johnston kuhusu mafunzo lilikuwa la kweli hata kama hitimisho lake silikubali. Nimeingia katika madarasa yenye mabango mazuri ya "msaada chanya" na nyota za kubandika ukutani, ambamo hakuna mtu aliyewahi kuhesabu tabia hata mara moja wala kujiuliza dhima yake. Hayo si msaada chanya wa tabia. Vilevile nimewaona wachambuzi wa tabia waliobobea katika kupima, ambao mtoto akigeuza uso kwa uchovu hawaoni chochote kwa kuwa kugeuza uso hakumo kwenye fomu yao.

Nikuonyeshe kwa karibu hivi viwili vinavyofanya kazi pamoja. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa nikimtazama mvulana wa umri unaokaribia wa mwanao, naye alikuwa akijiuma kifundo cha mkono. Daftari langu lilikuwa na safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mwalimu aliniambia anajiuma "wakati wote". Baada ya asubuhi mbili, safu ya pili ilikuwa ikirudia maneno yaleyale: ameletewa karatasi ya kuandika, ameletewa karatasi ya kuandika. Na safu ya nne nayo: amepelekwa kona ya utulivu. Kona ile ilikusudiwa kuwa adhabu ndogo. Kwa mtoto yule ilikuwa ndiyo njia ya kutoka, na kila alipopelekwa huko alikuwa akilipwa kwa kujiuma. Kama tungeamua tu kumpuuza, tungekosea vilevile, kwa sababu hakuwa akitafuta macho ya mtu.

Hadi hapo ni uchambuzi tumizi wa tabia. Lakini tulipokaa na mama yake, alisema jambo ambalo daftari langu lisingeweza kuliona: kwamba siku mbaya zaidi zilifuata usiku ambao mtoto hakulala, na kwamba vidole vyake vilichoka haraka hata anaposhika kijiko. Mpango tulioandika pamoja ulikuwa na sehemu kadhaa. Alifundishwa kunyoosha kadi yenye picha ya mtoto ameketi, yaani "naomba kupumzika", na mwanzoni kila alipoinyoosha alipumzishwa papo hapo, hata kama alikuwa ameandika herufi moja tu, kwa sababu kadi ilipaswa kufanya kazi haraka na kwa uhakika kuliko kujiuma. Kalamu ilibadilishwa ikawa nene. Karatasi ilikatwa vipande, naye akachagua aanze na kipi. Asubuhi iliyofuata usiku mbaya, hakudaiwa kuandika. Baadaye sana, kadi ilipozoeleka, tukaanza kumwomba amalizie kidogo kabla ya kupumzika. Tuliendelea kuhesabu muda wote, na hesabu ndiyo iliyotuonya wiki moja kwamba msaidizi mgeni wa darasa alikuwa haioni kadi inaponyooshwa.

Ukiniuliza sehemu ipi ya mpango huo ni ABA na ipi ni msaada chanya, sitaweza kuukata kwa kisu. Ndiyo sababu sikushauri umchague mtu kwa jina la fani yake. Waulize wote wawili maswali yaleyale. Anaamini mwanao anajiuma kwa sababu gani, na alilijuaje hilo? Mwenye jibu la kweli atakutajia siku, saa na matukio, si tabia za jumla za watoto wenye usonji. Anamfundisha nini cha kufanya badala ya kujiuma, na je, hicho ni rahisi kwa mtoto kuliko kujiuma? Mtoto akikataa, hutokea nini? Jibu la swali hili lisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu mtoto asiye na ruhusa ya kusema "sitaki" kwa njia ya amani atabakiwa na mkono wake mwenyewe. Uliza pia ni tabia zipi anazotaka ziishe. Akikuambia anataka mtoto aache kupepesa vidole au kujibembea, ilhali hadhuru mtu, muulize kwa faida ya nani.

Sasa nirudi kwenye lile swali ambalo hukuliandika. Kuwa na mtaalamu wa ABA nyumbani si ushahidi kwamba mwanao anadhurika. Fani hiyo imebadilika: kanuni za maadili za wachambuzi wa tabia waliothibitishwa zinawataka watangulize uimarishaji kabla ya adhabu, na mwaka 2022 jumuiya yao ya kimataifa ilipitisha msimamo wa kupinga vikali matumizi ya mshtuko wa umeme. Lakini mabadiliko ya maandishi hayakuambii kinachotokea sebuleni kwako, na hapo jicho lako lina mamlaka. Kaa ndani kipindi kizima. Mtazame mtoto anaposikia mlango ukigongwa: anakimbilia mlangoni, anaendelea na mchezo wake, au anajificha? Ukiona anashikwa kwa nguvu, ananyimwa chakula au kitu kinachomtuliza mpaka "astahili", au analia sehemu kubwa ya kipindi huku mafunzo yakiendelea, simamisha siku hiyohiyo na udai maelezo. Ukiambiwa kwamba mzazi haruhusiwi kutazama, hilo peke yake linatosha kusimamisha. Mtazamo huohuo uupeleke shuleni. Jina zuri halimkingi mtoto dhidi ya kona ya kumtenga.

Kabla ya yote hayo, mpeleke mwanao kwa daktari akaguliwe meno, masikio na choo. Mtoto asiye na maneno ya kutaja maumivu anaweza kujiuma kwa sababu ya jino, na hakuna mpango wa tabia unaotibu jino.

Kisha waombe mtaalamu na mwalimu wakutane nawe kwa saa moja, kila mmoja akiwa na kumbukumbu zake za wiki mbili zenye zile safu nne, nawe ukiwa na za kwako za jioni na za siku za mapumziko. Mkishakubaliana dhima ya kule kujiuma, kubalianeni ishara moja ya kuombea anachokihitaji, kadi au neno au mkono, na iwe ileile darasani, sebuleni na kwa kila mtu anayebaki naye. Ikiwa nyumbani atafundishwa kadi na shuleni kadi hiyo ikaachwa ndani ya mkoba, ataendelea kutumia njia pekee inayoeleweka kotekote, nayo ni ile inayomchubua mkono.